Alama Kumi za Wodi ya Upasuaji

Muuguzi huyu wenzake walimwita Mama Pole, kwa kuwa neno hilo lilimtoka hata akijigonga kwenye kiti. Zamani alilisema kwa moyo. Siku hizi lilimtoka tu, kama kupiga chafya.

Matroni alikuwa amewaambia mapema kwamba wakubwa wanapima mazingira ya kazi ya wauguzi wa zamu, na wodi itakayoonekana kuelemewa kuliko nyingine itaongezewa watu. Mama Pole aliwataka watu hao kuliko hata mshahara. Wakija, angelala nyumbani kama binadamu wengine. Mwanawe alikuwa ameanza kumwita mama yake mdogo "mama", na yeye aliyemzaa akimwita "sista". Alipolisikia mara ya kwanza alicheka, kisha akangoja limchome. Halikumchoma, na hilo ndilo lililomtia hofu kidogo.

Mtafiti alikuwa kijana mwenye adabu, kompyuta mapajani. Akamwomba atoe alama kwa kila jambo, sifuri hadi kumi. Mapumziko? Kumi, akajibu huku akimeza mkate amesimama. Kelele? Kumi. Idadi ya wauguzi? Kumi, tena aandike kwa wino mzito. Kijana alishangaa, akaandika. Wenzake nao walijibu kumi kumi, wakarudi kazini wakijiona wamesema yote.

Majibu yalipotoka, Matroni aliingia na cheti. Wodi yao ndiyo iliyoongoza kwa mazingira bora. Na kwa kuwa wana nafasi kiasi hicho, watatoa muuguzi mmoja akasaidie wodi ya watoto.

"Kwani kumi ndiyo nzuri?" Mama Pole aliuliza.

"Sasa iwe nini?"

Kutwa wanapita kitanda hadi kitanda wakiuliza maumivu yamefika ngapi, sifuri hadi kumi, na wa kumi ni yule anayeuma shuka. Hata mmoja wao hakuwaza kwamba kuna watu ambao kwao kumi ni raha. Kijana wa watu hakuwa na kosa, alipima alichoambiwa.

Walimsihi Matroni apeleke marekebisho. Alikataa. Wauguzi wazima wasiojua kujibu maswali, alisema, watachekwa mpaka wastaafu. Kisha akabandika ratiba mpya. Zamu za aliyehamishwa zilimwangukia Mama Pole.

Alitoka nje ya wodi, akampigia simu mdogo wake.

"Hamishia kitanda cha mtoto chumbani kwako," alimwambia. "Huko ndiko anakolala siku zote."

Mdogo wake akaanza kulia. Mama Pole alisikiliza kilio hicho chote, akijaribu kukipata na yeye. Kilipokwisha alimshukuru, akakata simu, akaenda kumfungua bandeji mgonjwa wa kitanda cha dirishani.