Komeo la Tourmel

Watu wa Tourmel wakiwaambia kwamba bibi yangu ninayemtumikia aliingia kwa bwana wao kwa nguvu, waambieni waje waniulize mimi. Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yake, nimebeba chupa ya siki na kitambaa, na hakuna aliyeona vizuri kuliko mimi.

Jina langu Perronne. Mama yangu alitunyonyesha mimi na Ysabeau wa Montgrel ziwa moja, kwa hiyo mbele za watu namwita Bibi, tukiwa wawili namwita dada, na tukigombana namwita majina ambayo siyataji hapa. Kaka yake alipouawa Italia katika vita vya Mfalme, Montgrel yote ilimwangukia yeye: kinu, mizabibu, msitu na ile nyumba ya mawe yenye mnara ulioinama. Ila ardhi ya kiungwana hairithiwi kwa kulia tu. Ni ardhi ya kiapo. Mrithi sharti aende kwa bwana aliye juu yake, avue mkanda, apige goti, aweke mikono yake ndani ya mikono ya bwana, aape utii, na wamalizie kwa busu. Muda wa desturi ukipita hajaapa, bwana anaitwaa ardhi. Muda wetu ulikuwa unaisha siku ya Mtakatifu Martino, katikati ya Novemba, na bwana wetu alikuwa Gaucher wa Tourmel.

Gaucher hakukitaka kiapo. Aliitaka ardhi, na bibi yangu juu yake, ili amwoze mpwa wake Florimond, kijana ambaye kazi yake kubwa duniani ni kuchana nywele. Basi kila tulipokwenda kuapa, bwana hayupo. Safari ya kwanza tuliambiwa amekwenda kuhiji. Safari ya pili amekwenda kuwinda, na huku tunamsikia akikohoa nyuma ya mlango.

"Huyu mzee anatuchezea," nilimwambia dada tukirudi, damu imenichemka.

"Mwache acheze. Desturi inawajua watu kama yeye tangu hajazaliwa."

Ni kweli inawajua. Bwana asipokuwepo, mrithi hupiga goti mlangoni pake, humwita mara tatu, kisha hulibusu komeo la mlango badala ya bwana mwenyewe. Karani akishaandika na mashahidi wakiona, yamekwisha. Kwa hiyo tulikubaliana: siku ya Mtakatifu Martino, Gaucher awepo asiwepo, tunaapa.

Lakini jioni ya kuamkia sikukuu nilimkuta dada amekaa karibu na moto, amenuna.

"Mimi Ysabeau, nibusu chuma cha Gaucher?"

"Babu yako alikibusu."

"Babu yangu alikuwa na ndevu."

"Nitakisugua kwa siki kwanza. Siwezi kuacha mdomo wako uguse uchafu wa watu wa Tourmel, unanijua."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kupiga goti sioni aibu, Perronne. Goti la Montgrel limepigwa na wanaume waliokuwa na shingo ngumu kuliko yangu. Ninachoogopa ni kupiga goti, watu wanatazama, halafu nirudi mikono mitupu. Kesho kutwa Florimond atakuwa anachana nywele zake chumbani kwa mama yangu."

Na mimi nililiogopa hilo hilo, na usingizi haukunijia upesi.

Asubuhi alivaa gauni jekundu la mahameli la marehemu mama yake.

"Unakwenda kupiga goti au unakwenda kuolewa?" nilimuuliza.

"Nakwenda kuchukua changu. Kaza kamba huko nyuma, acha maneno."

Tulipita kanisani, na misa ilipokwisha nusu ya watu wakatufuata, wenye ardhi wenzetu miongoni mwao, maana habari ilikuwa imeenea, na siku ile hakuna aliyekuwa na kazi zaidi ya kungoja bata bukini wa sikukuu aive. Mbele alitembea Mzee Aubin, karani, chupa ya wino ikining'inia shingoni, akinung'unika juu ya baridi. Nikamwona bibi yangu amekaa wima juu ya farasi, jekundu lile likiwaka katika ukungu, na kifua changu kikajaa. Nikasema moyoni, atakayemdhalilisha huyu leo atanikuta mimi.

Tulipofika Tourmel tukasimama wote.

Mlango haukuwepo. Gaucher alikuwa ameung'oa. Bawaba mbili zilitokeza ukutani, upepo wa Novemba unaingia na kutoka utakavyo, na pale katikati amesimama Florimond akila pea.

"Karibuni," alisema. "Mjomba hayupo."

"Yuko wapi?" aliuliza bibi.

"Kuwinda."

"Na mlango?"

"Umekwenda kwa seremala. Ulivimba kwa mvua, maskini. Na komeo lake limekwenda nao." Akauma pea. "Njoo tena mwakani, Bibi Ysabeau. Au usije, kaa tu hapa nami. Mambo yote yataisha vizuri."

Watumishi wa Tourmel walikuwa wamejazana madirishani wanacheka. Mzee Aubin akajikuna chini ya kofia. "Bila komeo hakuna busu, Bibi," akanong'ona. "Na bila busu siwezi kuandika kitu."

Mimi nilipasuka. Nilimwita Florimond ngozi ya soseji isiyo na nyama, na nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Bibi akaninyanyulia mkono ninyamaze. Alikuwa amepauka. Alikuwa akizivuta ncha za glavu zake kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya tangu utotoni akiwa anakaribia kulia, na nikafikiri basi, tumekwisha. Kumbe alikuwa anazivua.

"Mzee Aubin," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka madirishani, "kuvunja mlango wa bwana wangu ni kosa?"

"Kosa kubwa mno, Bibi. Ukiuvunja umepoteza kila kitu."

"Na kuufungua mwenyewe bila ruhusa?"

"Kosa vilevile."

"Vizuri. Nionyeshe mlango huo, nisije nikaukosea."

Mzee Aubin akatazama bawaba. Akatazama kizingiti. Akatazama kushoto na kulia, na polepole uso wake ukaanza kuchangamka.

"Siuoni, Bibi."

"Andika kwamba huuoni."

Bibi akapiga hatua. Florimond akatanua mikono kumzuia, na pea ikamponyoka.

"Huwezi kuingia hivi hivi!"

"Sogea, Florimond. Umesimama mahali pa mlango, na hata kufunga hujui."

Watu waliangua kicheko, na yeye akasogea. Bibi akaingia, mimi nyuma yake, karani nyuma yangu, kijiji kizima nyuma ya karani.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Majivu yalikuwa yanaruka, na mpishi alikuwa amevaa nguo zake zote kwa pamoja. Karibu na moto mbwa wa kuwindia walikuwa wamelala wote wamelundikana, hakuna aliyekosekana.

"Kumbe bwana anawinda bila mbwa," nilisema.

"Labda anawinda panya," akajibu mtu nyuma.

Hapo ndipo tuliposikia chafya. Ilitoka kwenye kitanda kikubwa chenye mapazia ya kijani, chafya nene, ya mtu aliyelala siku kadhaa kwenye nyumba isiyo na mlango. Ikafuata nyingine.

"Afya, Bwana," alisema bibi yangu, akafungua pazia.

Gaucher wa Tourmel alikuwa amejizungushia mablanketi mpaka kidevuni, kofia ya kulalia imemfunika masikio, pua imemwiva. Alimkodolea macho. Na bibi hakumpa muda. Alifungua mkanda wake, akanipa mimi, akapiga goti pale pale juu ya majivu na gauni la mama yake, akanyoosha mikono miwili iliyounganishwa.

"Bwana, mimi Ysabeau, mrithi wa Montgrel, ninakuwa mtu wako kwa ardhi ya Montgrel, nitakuwa mwaminifu kwako kama wazee wangu walivyokuwa. Pokea mikono yangu."

"Nina mafua," alisema Gaucher. "Nitakuambukiza, binti yangu. Rudi siku nyingine."

"Siku ni leo."

"Olewa na Florimond, haya yote hayatahitajika."

"Mikono, Bwana."

Mikono haikutoka. Aliificha chini ya blanketi, akatazama dari. Bibi alikaa pale magotini, mgongo umenyooka, mikono bado ameinyoosha, na nawaambia, aliyelala kitandani ndiye aliyeonekana mdogo.

"Mzee Aubin," alisema bila kugeuka, "andika. Mrithi wa Montgrel ametoa mikono yake mbele ya parokia nzima. Bwana wa Tourmel ameficha yake chini ya blanketi."

"Blanketi la rangi gani, Bibi?" aliuliza Mzee Aubin, akichovya kalamu.

"La rangi gani, Bwana?" bibi akauliza.

Nyuma mtu alianza kucheka, akajizuia, ikawa mbaya zaidi. Gaucher aliwatazama wenye ardhi wenzetu waliosimama pale, watu ambao wote walikuwa wamewahi kuweka mikono yao ndani ya mikono yake. Akaona wataisimulia habari hiyo mpaka kwa wajukuu. Akaitoa mikono, shingo upande, akaishika ya bibi.

Ikabaki busu. Gaucher akataka kujiokoa. "Kwa mwanamke desturi inasamehe."

"Nilikuja tayari kubusu chuma chako, Bwana, sitaki kusamehewa kitu. Perronne, kitambaa."

Nilikilowesha kwa siki nikamsugua bwana wa Tourmel shavu moja, sawasawa na nilivyokusudia kulisugua komeo lake, na sikuona sababu ya kwenda taratibu. Akapiga chafya. Bibi akainama, akambusu shavu hilo, akasimama, akaunyooshea mkono mkanda wake. Nilipokuwa nikimfunga machozi yalikuwa yananitoka mimi, si yeye.

Mlango tuliukuta zizini, umefunikwa majani. Bibi aliwaamuru watu wake waurudishe kwenye bawaba zake palepale.

"Wa nini?" nilimuuliza. "Mwache agande."

"Ni bwana wangu sasa. Nimeapa kuwa mwaminifu kwake. Sitamwacha alale kwenye upepo."

Ulipokwisha kuwekwa aliusukuma na kuuvuta kuujaribu, akatutoa nje sote, kisha akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Komeo lilikuwa usawa wa uso wake. Alilitazama, akavaa glavu, akapanda farasi. Hakuna mwanamke wa Montgrel aliyelibusu mpaka leo.