Bia Mia Nne na Themanini

Miaka kumi na mmoja Scola alihudumu katika baa ya Mama Veneranda pale Gungu, Kigoma, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa. Nasema hakukaa, na maana yangu ni hiyo hiyo. Nyuma ya kaunta kulikuwa na stuli moja ndefu ya mninga yenye mto wa kitenge, nayo ilikuwa ya mwenye baa peke yake. Mhudumu akikaa, Mama Veneranda alikuwa akisema, mteja anamwona mvivu. Basi Scola akasimama. Alisimama na mimba ya Happiness, akasimama mpaka Happiness akaanza darasa la kwanza, na akirudi nyumbani aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akiiwaza stuli ile kama wenzake wanavyowaza nyumba ya ghorofa.

Jumatatu moja asubuhi, Mama Veneranda akamwita jikoni.

"Scola, binti yangu kajifungua pacha kule Tabora. Naenda kulea wajukuu, na sirudi tena. Baa naiachia kwa kilemba. Milioni tatu."

Kwa asiyejua, kulipa kilemba si kununua nyumba. Nyumba inabaki ya mwenyewe. Unachonunua ni nafasi: mkataba wa pango uliobaki, meza, viti, friji, na kwa Mama Veneranda ziliongezeka kreti nane za bia. Na ile stuli.

"Nani anaichukua, mama?" Scola aliuliza.

"Leonardi ana hela yote mkononi. Anataka kuweka duka la vipuri vya pikipiki." Mama Veneranda akamtazama miguuni, kisha usoni. "Nimemwambia asubiri mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Sikumwambia kwa nini."

Loo! Mshahara wa Scola ulikuwa laki moja na ishirini kwa mwezi, na hapo kuna kodi ya chumba, kuna sare ya shule, kuna unga. Akiba yake yote, aliyoikusanya kwa miaka saba kwa kujinyima hata mafuta ya nywele, ilikuwa laki sita, ukiacha hisa za kikoba. Mtu mwenye akili timamu angesema asante mama, akaanza kutafuta kazi nyingine. Scola hakusema asante. Alisema, "Ijumaa saa kumi nitakuwa hapa."

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kikoba chao, chama cha kina mama cha kuweka na kukopa, na mwenyekiti wake alikuwa Bi Hidaya, mama wa Ujiji, muuza samaki, mtu wa swala tano na asiyependa mzaha kwenye hela za watu. Scola alikuwa na hisa za laki nne, na kikoba kilikopesha mara tatu ya hisa. Akaomba milioni moja na laki mbili. Bi Hidaya akaweka kalamu chini.

"Ya baa?"

"Ya baa, Bi Hidaya. Siwezi kukudanganya."

"Hela za kina mama hawa, wengine wametoka kuswali sasa hivi, nikaziweke kwenye chupa za pombe? Hapana, mwanangu." Akaichukua kalamu tena. Kisha Bi Hidaya akauliza, "Hiyo baa ina jiko?"

"Lipo, lina majiko mawili ya mkaa na karai. Mama Veneranda halitumii siku hizi, anasema samaki wanamchosha."

"Basi sisi tunakopesha jiko. Naandika hapa: biashara ya samaki wa kukaanga. Na jiko hilo liwake, Scola. Nitakuja kuliangalia mwenyewe."

Ikawa milioni moja na laki nane. Bado milioni moja na laki mbili, na siku tatu.

Sasa, ili muelewe alichofanya Scola, lazima mjue wateja wake. Wengi walikuwa manahodha wa mitumbwi ya dagaa. Hao hufanya kazi wakati wa giza, maana dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, wanaume wanarudi kupumzika. Na wakipumzika wanakunywa. Lakini kwa vile kila mmoja aliijua tamaa yake, walikuwa na desturi: siku ya kwanza ya mbalamwezi nahodha anamkabidhi Scola hela ya bia zake za wiki nzima, Scola anamfungulia ukurasa kwenye daftari, na zikiisha zimeisha, hata alie. Wake zao walimpenda Scola kuliko padri. Kwa miaka kumi na mmoja haikupotea hata bia moja kwenye daftari lile.

Jumatano, Scola akawaza: kama wananiamini na hela ya wiki moja, kwa nini wasinipe mapema?

Alhamisi alfajiri alikuwa ufukweni Kibirizi, mitumbwi ikiingia, dagaa wakimwagwa, hela ikitembea mkono kwa mkono. Akaenda nahodha mmoja hadi mwingine na daftari lake kwapani, akiwasalimia kwa Kiha. "Mwakeye! Nipe leo hela ya bia thelathini, uje unywe mbalamwezi ikifika. Baa inauzwa, na nisipolipa mimi mtakunywa grisi ya pikipiki." Wakacheka, wakamtania, wakamwita bosi. Na wakatoa! Watu kumi na sita, kila mmoja bia thelathini, kila bia elfu mbili na mia tano. Pigeni hesabu wenyewe.

Mmoja tu alikataa. Mzee Bariki, nahodha mstaafu, mbishi asiye na mfano, ambaye kwa miaka yote aliita huduma kwa kugonga meza na kizibo huku akipaza sauti, "We Scola!" Alitikisa kichwa.

"Nilipie bia ambayo sijaiona? Mimi? Thubutu!"

"Shikamoo yako nairudisha mfukoni, mzee," Scola akamjibu, na watu wakaangua kicheko. Lakini ilimuuma. Alidhani yule mzee ndiye angekuwa wa kwanza.

Ijumaa, saa kumi kasoro robo, Scola alihesabu milioni tatu juu ya kaunta. Mama Veneranda hakuhesabu mara ya pili. Alimkumbatia, akalia, akampa funguo, akaondoka na kofia yake ya safari. Leonardi alipofika saa kumi kamili alikuta mlango umeshapakwa rangi ya kijani nusu.

Jumamosi ya kwanza ya mbalamwezi, Scola akafungua. Wacha wee! Bodaboda zilipanga foleni mpaka barabarani. Manahodha wote kumi na sita walikuja wamenyoa, na kwa vile bia zao walizilipia zamani, zikawa mdomoni kama za bure. Wakaanza kualika. Huyu kaja na shemeji, yule kaja na wakwe wawili kutoka Kidahwe. "Kunywa, mjomba, imeshalipiwa!" Muziki, vigelegele, meza zimejaa hadi kwenye veranda. Scola alikuwa anaruka tu kutoka meza hadi meza, furaha imempanda kichwani, mpaka saa tisa alasiri alipofungua droo ya hela.

Ndani mlikuwa na elfu mbili na mia tano. Basi.

Alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Bia zote alikuwa ameziuza kabla hajafungua mlango! Hela ilikwisha kwenda Tabora na Mama Veneranda. Kwenye friji ilibaki kreti moja, kwenye daftari bado alidaiwa bia zaidi ya mia tatu, na duka la jumla halimkopeshi mtu hata angekuwa mtoto wa mwenye duka. Baada ya saa moja baa itakauka mbele ya watu hawa wote, na nani atamwamini tena na daftari lake?

"Hodi!"

Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Bi Hidaya alikuwa amesimama nje, hakukanyaga kizingiti, na kichwani ana beseni la migebuka wabichi waliotoka ziwani asubuhi ile.

"Jiko langu liko wapi?"

"Bi Hidaya, leo nimechanganyikiwa, bia zimenielemea..."

"Sikukuuliza bia." Akatua beseni. "Washa mkaa. Samaki utanilipa jioni."

Scola akawasha, machozi na moshi vikichanganyikana. Karai halijapata moto sawasawa, akasikia kizibo kikigonga meza.

"We Scola! Mgebuka mmoja na ndizi. Nalipa taslimu."

Mzee Bariki. Alikuwa amekaa pembeni tangu adhuhuri na bia moja tu, ile ya elfu mbili na mia tano. Samaki wa kwanza akalia kwenye mafuta, harufu ikatoka jikoni, ikapita kaunta, ikaingia kwenye pua za watu waliokunywa tangu asubuhi bila kula. Vichwa vikageuka. Mzee Bariki akanyofoa mnofu mmoja, akautafuna polepole makusudi, akawatazama.

"Bia mlilipia," akasema. "Samaki je? Haya, toeni hela."

Wakatoa! Sahani arobaini na tatu zilikwenda kabla ya saa kumi na mbili. Bajaji ikaenda na kreti tupu ikarudi na nne zilizojaa, Bi Hidaya akapokea hela yake palepale kwenye mlango wa nyuma, na droo ikaanza kugoma kufunga.

Scola akaenda kwenye meza ya pembeni. "Mzee, ulijua."

"Nilikuwa na duka Ilagala," Mzee Bariki akasema. "Nilipokea hela kabla ya mzigo hivyo hivyo, ya mafuta ya taa. Lilikufa wiki ya pili."

"Sasa mbona hukuniambia pale Kibirizi?"

"Ungeogopa. Ungeacha. Na leo hapa pangenuka grisi." Akapapasa mfuko wa shati. "Mimi zangu nilizitunza kwa ajili ya leo. Sasa nenda kakae."

"Kakae wapi?"

Mzee akaielekeza stuli kwa kidevu. Scola akageuka. Wiki nzima alikuwa na funguo, na hakuwahi kuikalia hata mara moja. Hata hakukumbuka kwamba inaruhusiwa.

"Mteja akimwona mwenye baa amesimama," Mzee Bariki akasema kwa sauti ya kusikika veranda nzima, "anadhani baa si yake!"

Basi akapanda, miguu ikaning'inia hewani, haikugusa sakafu, na maumivu ya miaka kumi na mmoja yakashuka yakaishia huko huko chini. Alilia, naye akiwa anacheka. Mzee Bariki akaingia nyuma ya kaunta, akafungua friji, akatoa soda ya chungwa, akaifungua, akaiweka juu ya sinia na kumpelekea kama mhudumu.

Scola akaipokea, akafuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Mzee Bariki," akasema, "hii soda umelipia?"

Baa nzima ikapasuka kwa kicheko, na mzee akatia mkono mfukoni.