Joto Lililokosea Mji

Umegeuza uso tena. Mwanga unacheza mtoni, umelegea, mwekundu, maji yametanda juu ya barafu ya mto Lena, nawe umeinama kujifanya unafunga kamba za viatu. Novemba hii mwanga haupaswi kucheza. Ulipaswa kulala hapo, mweupe, mgumu, kimya.

Sargilana hakugeuza uso. Joto limekosea mji.

Juzi binti wa Keskil, mdogo wake wa kiume, alimpigia simu kutoka Petersburg. "Shangazi, jua limerudi! Tunakula aiskrimu kando ya mfereji!" Huko, majani yakipukutika, joto ni mgeni mwenye zawadi. Dada yao Tuyara akapiga kutoka Murmansk: "Huku bahari haigandi tangu enzi na enzi. Mvua na matope tu. Nyie mnalia nini?" Huko joto ni mwenyeji, lilikuja na mkondo wa bahari, lina kiti chake.

Hapa kwetu Yakutsk joto ni mwizi. Limepitia chini ya sakafu.

Chini ya sakafu ya Sargilana ghala la barafu lililochimbwa ardhini linadondosha maji, tone, tone, juu ya samaki wa mwaka mzima. Ardhi iliyoganda inayeyuka, nguzo ya nyumba imezama upande mmoja, mlango haufungi. Joto limekosea mji, na miaka kumi tumesema. Tulibandika karatasi za onyo, mkazifungia samaki. Nawakumbuka wote, na samaki wenu.

Asubuhi hii Keskil amewasha lori. Limejaa unga, ng'ambo ya mto wanangoja. Ndiyo siku aliyovuka babu juu ya barafu, ndiyo siku aliyovuka baba, na wa kwanza kuvuka hutoka ukoo wao. Ameulisha mto chapati za siagi, kama ilivyo desturi. Milango ya lori ameifunga kwa kamba ibaki wazi, ili aruke barafu ikivunjika.

Sargilana ametoboa tundu kwenye barafu, ametumbukiza fimbo ya babu yenye alama ya unene unaobeba lori. Barafu imefika nusu ya alama.

"Nusu, Keskil! Nusu!"

"Dada, fimbo yako imezeeka kama mwenyewe. Mto umeshakula."

"Umeonja. Wewe ndiye chakula."

Wanaume ukingoni wakaangua kicheko. Kisha kitu kikaguna chini ya barafu, mbali, kikaja, kikapita chini ya miguu yao, na kicheko kikakatika. Mmoja akatazama kofia yake. Mwingine akaona ni wakati wa kuwasha sigara. Hakuna aliyemwambia Keskil shuka.

Babu alifuata fimbo, si tarehe. Hilo wamelisahau wote isipokuwa mwanamke mmoja.

Naye sasa amesimama mbele ya gurudumu, fimbo kifuani, peke yake. Keskil anapiga honi. Anapiga tena. Mwanga hauchezi tena juu. Umezama, unatembea chini ya barafu kama jicho, unalijia lori.

Wewe. Acha viatu. Inuka, shuka ukingoni, simama kando ya Sargilana, chomoa ufunguo wa lori. Sasa hivi, mguu wa Keskil ungali juu ya breki.