Mchuzi wa Baba Mdogo

Mchoraji alikuwa na sharti moja ambalo mtaa mzima ulilijua: hakumchora mtu ila akiwa kazini. Kinyozi alimchora wembe ukiwa shavuni pa mteja. Fundi cherehani, pini zikiwa midomoni. Mwenye duka la rejareja, akifunga sukari kwenye karatasi. Michoro hiyo ya mkaa aliitundika kwenye ukuta mrefu wa soko, na watu wakawa wanapita pale makusudi ili wajitazame.

Pahali pamoja tu hapakuwamo: mkahawa wa baba yake mdogo.

Mkahawa huo ulianzishwa na baba yake mchoraji, Mola amrehemu, na ndiye aliyepika mchuzi uliowatoa watu mitaa ya mbali. Alipofariki, mdogo wake alishika funguo, akamtoa mjane jikoni kwa maneno ya asali, akaajiri mpishi. Kisha akaeneza habari kwamba mchuzi ule tangu mwanzo ulikuwa wa mkono wake yeye, na kwamba marehemu alikuwa mfuta meza tu. Uongo ukimwagiliwa huota mizizi, hata wateja wa zamani wakaanza kusema, "Huenda." Neno hilo lilimchoma mchoraji, binti wa marehemu, kuliko kunyang'anywa mkahawa wenyewe. Alitaka jambo moja: baba yake mdogo aitamke kweli kwa kinywa chake, mbele ya walaji. Akainoa nia yake kimya kimya, kama anoaye kisu asichotaka kionekane.

Basi baba mdogo akamjia pale ukutani.

"Binti yangu, umemchora hata mziba pancha. Mimi nimekukosea nini?"

"Nilikuwa nakuweka mwisho, baba mdogo, kama mnofu."

"Ehe! Basi nichore mlangoni nikipokea wageni, na koti langu jipya."

"Mlangoni husimama bawabu. Mwenye mkono wa mchuzi si wewe? Nitakuchora kesho jikoni unapika, peke yako. Wapishi wakiwa wawili, watu watauliza yupi ni yupi."

Akasita. Lakini kinyozi alikuwa karibu, na mdomo wa kinyozi hauna pazia.

"Mzee, kumbe kesho tunakula kwa mkono wenyewe! Ngoja niwaambie watu waje na njaa."

Debe tupu haliachi kuvuma. Akakubali.

Mama alipopata habari alimwonya bintiye: "Usimvue mtu mzima nguo sokoni. Kisasi mwachie Mola."

"Simvui, mama. Nimemwomba apike tu."

Jiko la mkahawa lilitazamana na meza, na adhuhuri meza zote zilijaa. Baba mdogo akamwaga mafuta sufuria ingali na maji. Yakamrukia, naye akaruka. Vitunguu vikawa vyeusi kabla hajakipata kisu cha nyama. Akatia chumvi, akasahau, akatia tena. Mkono wa koti jipya ukazama kwenye nyanya.

"Mzee, huo mchuzi au lami?" kinyozi akauliza.

"Mwiteni mfuta meza aje amsaidie!" akadakia mziba pancha, na mkahawa ukalipuka kwa kicheko.

Mchoraji hakucheka. Mkaa wake ulikwenda bila pupa: moshi, macho yenye machozi, walaji walioziba pua. Hakuongeza mstari, hakupunguza. Jioni mchoro ulikuwa ukutani, mkubwa kuliko yote, na watu wamesongamana mbele yake.

Asubuhi baba mdogo alimfuata.

"Utoe mchoro huo, mwanangu. Unanizika ningali hai."

"Baba yangu ulimzika mara mbili. Waambie walaji nani alipika, nami nitautoa."

Mchana ule alisimama kati ya meza, macho sakafuni. "Kaka yangu ndiye aliyekuwa mpishi," alinong'ona. "Mfuta meza nilikuwa mimi."

"Sauti, mzee! Huku nyuma hatusikii!"

Akasema tena, safari hii akimtaja marehemu kwa jina lake kamili, na vijiko vyote vikatua. Mzee mmoja mlaji akamwombea marehemu rehema. Wengine wakaitikia amina. Baba mdogo aliitikia wa mwisho.

Binti akauteremsha mchoro, akarudi nyumbani. Alimkuta mama akichambua mchele, uso umekunjamana.

"Umemwaibisha ndugu wa baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Si jambo la kujivunia."

"Najua."

Mama akachambua kidogo, akatupa kijiwe.

"Alimtaja kwa jina?"

"Kwa jina lake lote."

"Kwa sauti?"

"Hata wa barabarani walisikia."

Mama akauweka ungo chini, akajivutia kigoda.

"Kaa hapa," akasema. "Anzia pale mafuta yalipomrukia."