Kipande ni cha Mteja

Mshonaji alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, pini mdomoni, akipima pindo la sketi, gari jeupe la kliniki liliposimama mlangoni. Dereva akashuka na bunda la kitambaa cha kijani, kile cha hospitali, akauliza kama hapa ndipo. Mama mkwe, ambaye kiti chake kilikaa dirishani na kazi yake ilikuwa kujua nani kapita na kabeba nini, akajibu kwamba ndipo.

"Nimeleta vipande vyenu," dereva akasema. "Vile mlivyoomba mrudishiwe."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na mtoto wa kike. Umri wake ulikuwa sawa na wa mtoto wa mshonaji aliyelala chumbani, jino la kwanza likimchomoza, na kwa mkono wa kushoto alikuwa ameng'ang'ania kifungo cha koti la dereva. Mteja akasema sketi ingependeza zaidi ikipandishwa kidogo. Mshonaji akaipandisha, akabana pini ya mwisho, ndipo akainuka ampokee mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshamwelekeza dereva uani, kwenye mabeseni ya kufulia.

Yote yalianza kabla mtoto hajazaliwa, mwaka ambao jeni zilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Kila jioni daktari wa kliniki alikuwa redioni, akieleza kwa sauti ya upole kwamba sura na tabia hurithiwa kwa chembe ndogo sana, na kwamba chembe isiyotakiwa inaweza kukatwa mtoto akiwa bado ni tone la maabara, kabla hajapandikizwa tumboni. Wasikilizaji walipiga simu. Mmoja aliuliza kama kipara kinakatika. Mwingine alitaka kujua kama uvivu umo kwenye jeni, na kama umo, ni za upande gani, ili amwambie mumewe akirudi. Mama mmoja ambaye damu ya mwanawe ilikuwa haigandi alipata nafasi ya kuuliza nusu ya swali, kisha laini ikakatwa ili apokelewe mtu wa vishimo vya mashavuni. Watu huipenda sana sayansi inapowasaidia kumsema jirani.

Mama mkwe alisikiliza kila kipindi, redio magotini. Alikuwa na lake moyoni tangu harusi. Mwanawe alikuwa ameoa kwenye ukoo wa watu wafupi, wenye masikio yaliyochomoza, wanaokula na kuandika kwa mkono wa kushoto, na wenye kigugumizi. Zaidi ya hayo palikuwa na kicheko. Marehemu mama yake mshonaji alikuwa na kicheko ambacho mtu wa ng'ambo ya barabara alikisikia akacheka naye, asijue wanacheka nini. Siku ya harusi mama mkwe aliomba kipunguzwe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akimtazama mkamwana wake, ambaye ndiye alikuwa ufa.

Mume alikuwa mwalimu wa udereva. Garini alikuwa na breki yake mwenyewe upande wa abiria, na hakuwahi kuchelewa kuikanyaga. Nyumbani hawakumwekea.

Wakaenda kliniki wote watatu. Daktari alipouliza wanataka kipi kiondoke, mama mkwe alijibu kwa kukunja vidole: ufupi, masikio, ushoto, kigugumizi, na kile kicheko kama kinawezekana. Daktari akasema siku hizi karibu kila kitu kinawezekana. Mshonaji alifungua mdomo aseme neno, neno likakwama, na lilipokuwa karibu kutoka daktari alikuwa ameshafika kwenye rangi ya macho. Mwishoni aliulizwa kwa heshima kama ana swali. Alikuwa nalo moja, lile ambalo angemuuliza fundi yeyote aliyeshika mkasi. Mama yake alimfundisha ushonaji na alimfundisha na hili, kwamba nguo ni ya mteja na kipande ni cha mteja, na fundi anayebaki na vipande ni mwizi mwenye futi shingoni.

"Na vi-vi-vipande?" akauliza. "Mnarudisha?"

Daktari akacheka sana. Akasema miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza, na kwamba haoni kwa nini visirudishwe.

Mtoto alizaliwa vizuri, akaitwa Mrembo na kila aliyemwona. Alikuwa mrefu, masikio yamelala, mkono wa kulia unajua kazi yake. Ndugu wakaja kumtazama na kugawana, kama watu wanavyogawana mtoto mchanga popote walipo. Shangazi akachukua pua. Mama mkwe akachukua macho na paji. Miguu ikapewa babu wa upande huohuo, aliyekuwa ameshakufa lakini hakusahauliwa. Kaka yake mshonaji, mjomba wa mtoto, alimtazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, kama msafiri anayetafuta kiti chake na kukuta kila kiti kina mtu. Akasema mtoto ni mzuri. Akaweka zawadi yake mezani, akaondoka kabla chai haijaletwa, na hakuja tena.

Kisha ndipo gari jeupe likaleta vipande.

Mama mkwe alimwita yule mtoto wa uani Kiraka, na jina likashika siku hiyohiyo. Kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa umepita kuangalia. Kinyozi wa ng'ambo, aliyeitwa Kipaza kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza, alikuja na wateja wake, wengine wamenyolewa upande mmoja tu. Mtu mmoja alivuta sikio la mtoto kuona kama limeshikiliwa vizuri. Mwingine aliuliza kama anakula, au anakaa tu. Wa tatu akasema alidhani jeni zikikatwa zinatupwa chooni, na huo ndio ungekuwa usafi. Walikuwa wadadisi kwelikweli. Hakuna hata mmoja aliyemletea shuka.

Kipaza, kwa utani, akamwita mshonaji Mama Kiraka. Mama mkwe akamtoa nje na maji ya kuoshea vyombo yakamfuata.

Hapo mtoto akacheka. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Kilikuwa kicheko cha marehemu mama yake, kizima, na kile kikohozi kidogo cha mwisho. Alifurahi mpaka akaona aibu, akatoka mbio akampakata. Tangu siku ile alimnyonyesha nyuma ya pazia la kujaribia nguo, maana mama mkwe alikuwa amesema maziwa yale yana mwenyewe, naye yuko chumbani.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mama mkwe alipenda kukumbusha. Hakuwa mtu wa haraka. Alisubiri Kiraka ajue kutembea, ndipo akampa ufagio.

Watoto walikua. Mrembo alikula mezani na Kiraka alikula jikoni, na wote wawili waliona ndivyo nyumba zilivyo. Mrembo hakuwa na kicheko. Mtu akisimulia jambo la kuchekesha sebuleni, alifungua mdomo, mabega yakatikisika, na kicheko kikasikika uani, ambako Kiraka alikuwa akisugua sufuria bila kujua kumetokea nini. Wageni walizoea. Mama mkwe aliagiza mlango wa uani ufungwe watu wanapoongea, na kwa sehemu kubwa hilo lilisaidia. Mrembo alipoanguka na kuchubuka goti hakwenda kwa bibi wala kwa mama. Alikwenda uani akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, na Kiraka akaacha kazi akakaa naye.

Ulipofika wakati wa shule, mshonaji alinunua kitambaa cha sare na kukikata mwenyewe. Akatoa gauni refu moja na fupi moja. La pili alilificha chini ya nguo za wateja, na alipokuwa peke yake alilitoa akalitazama. Alimwambia mumewe kwamba safari hii hatanyamaza, kwamba aliomba vipande kwa mdomo wake na vikaletwa, na alichoomba ni mtoto wake. Mumewe akasema watazungumza. Hawakuzungumza, lakini mshonaji alilichukulia hilo kama nusu ya ndiyo. Jioni akamvalisha Kiraka, akampima pindo, akamwambia kesho akae tayari, wakirudi kutoka shuleni akaitwa, atoke mbele kwa mlango wa barabarani.

Siku zote hizo, cherehani ikilia, alifanya mazoezi ya neno moja. Alilisema polepole, alilisema haraka, alilisema na uzi mdomoni.

Asubuhi alikwenda kumwandikisha Mrembo, pamoja na mumewe na mama mkwe, ambaye hakuwa amealikwa na hakuwa na desturi ya kusubiri mwaliko. Mwalimu mkuu alikuwa msikilizaji mkubwa wa kile kipindi cha redio. Alimzungusha Mrembo, akamwomba afungue kinywa, akasifu meno, akaita walimu wengine waje waone masikio. Aliuliza kama maumivu yalikuwapo, kama mwaka huu kliniki inapokea watu wapya, na kama wanaweza kumfanyia kitu mtoto wa dada yake. Alipotosheka akakaa, akamgeukia mshonaji.

"Mama Mrembo, una watoto wangapi?"

Mshonaji akavuta pumzi. Wawili. Neno lilikuwa pale, na akaanza kulitoa, likakwama mahali pake pa siku zote. Walimu wakasubiri. Mmoja alianza kutabasamu kwa huruma, ile huruma ya kumwonea mtu haya. Mama mkwe alimkazia macho. Mumewe alitazama viatu vyake, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu kwa nguvu zake zote, ila hapakuwa na kitu chini yake cha kusimamisha chochote. Neno likazidi kukwama. Pembeni yake palikuwa na neno jingine, jepesi, lililokwisha kulainika.

"Mmoja," mshonaji akasema.

Lilitoka bila mkwaruzo. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumgusa, akampiga-piga gotini.

"Umeona, mwanangu? Kumbe ukitaka unaweza."

Waliporudi, Kiraka alikuwa amesimama uani katika sare yake, masikio yamesafishwa mpaka yanang'aa, viatu vya zamani vya Mrembo miguuni. Hakuwa amekaa tangu asubuhi, asije akakunja nguo.

"Ma-mama," akasema, "ni-ni-nitoke mbele sasa?"

Mshonaji akamvua gauni. Alimwambia vizuri tu, kwa sauti iliyonyooka, kwamba ameliona pindo limekaa vibaya na linahitaji kurekebishwa. Kisha akakaa kwenye cherehani, akachukua kisu kidogo cha kufumulia, akafumua mishono yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka gauni likawa vitambaa. Alilia akiwa anafanya hivyo, lakini mkono wake haukukosea.

Tangu siku hiyo hakupata kigugumizi tena. Kipaza alidai jeni zake zimejirekebisha zenyewe kwa kuona mfano mzuri nyumbani, na wateja wake wakaona maelezo hayo yanatosha.

Redioni daktari alisimulia kisa cha mama mmoja fundi nguo, ambaye kwa swali lake dogo aliifungua kliniki macho. Sasa kila mzazi aliulizwa kama anataka kurudishiwa vipande, na karibu wote walitaka. Simu zikabadilika. Watu walikuwa wanauliza kama kipande kinaweza kuja na mgongo wenye nguvu, kama kinaweza kukatwa mapema kikawahi kukua, na kama mtu asiyehitaji mtoto anaweza kuagiza kipande tu. Daktari alijibu kwamba hilo la mwisho linafanyiwa utafiti. Gari jeupe likawa linapita mtaani mara kwa mara, na nyumba baada ya nyumba uani mkawa na mtu mfupi, au mweusi zaidi, au mwenye makengeza, anayefua sare za mwenzake aliyekwenda shule.

Asubuhi moja mteja alikuja kuchukua gauni lake. Alilijaribu nyuma ya pazia, akatoka, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma. Wakati huo mwalimu wa Mrembo darasani bila shaka alikuwa amesema jambo la kuchekesha, kwa sababu uani, mikono ikiwa ndani ya povu hadi viwikoni, Kiraka aliangua kicheko kikubwa chenye kikohozi kidogo mwishoni. Mteja naye akacheka, asijue anacheka nini.

"Nani huyo mwenye raha hivyo?" akauliza.

"Msichana wa kazi," mshonaji akasema.

Mteja akasema amebahatika, wa kwake ananuna kutwa. Mshonaji akakunja gauni, akaliweka kwenye mfuko. Kisha akainama chini ya meza, akaokota vipande vyote vilivyobaki kwenye kitambaa kile, hata kile chembamba cha kwapa, akavifunga kwa uzi na kumkabidhi mteja mkononi.