Vyungu Nusu Nusu

Mkuu wa shule alikuwa ameshasema, na mwalimu wa sanaa alimjua: akisema, amesema. Ama wanafunzi warudi kutoka makumbusho na michoro ya kubandika ukutani, ama safari hizo zife na kipindi cha sanaa kiwe cha hesabu.

Ndiyo maana asubuhi hiyo mwalimu hakutulia. Aliwahesabu watoto mlangoni, akawahesabu tena ukumbini, ishirini na wanane, kisha akaanza kuzunguka kati ya makabati ya vioo, mikono nyuma, roho juu. Watoto walikuwa kimya, wameinama, wanaandika. Alifurahi, mpaka alipochungulia daftari la kwanza.

Walikuwa wananakili vibao vya maelezo. Wote. Chungu cha udongo, urefu sentimita arobaini, kilipatikana kando ya mto. Mwandiko safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Miaka saba wamefundishwa kunakili. Wameona maandishi, wamenakili.

Alitaka kucheka, akaona saa. Zilibaki dakika hamsini. Akawanyang'anya kalamu, akawaachia penseli, akawaamuru watazame chungu kimoja kwa dakika tatu, kisha wakipe mgongo na kuchora wanachokumbuka.

Wakakwama. Mmoja akauliza kama mikono ya chungu ilikuwa miwili au mmoja. Wakabishana, wakaomba kutazama tena, wakasogea karibu zaidi. Msichana waliyemwita Kiberiti, kwa vile hakai kitako hata umfunge kamba, akalala chali sakafuni, macho kwenye rafu ya kioo juu yake.

"Mwalimu, huyu mtu amesahau kidole chake."

Chini ya mkono wa chungu palikuwa na alama ya kidole gumba, na vimistari vyake vyote. Basi wote wakalala chini, kwa zamu na kwa kusukumana. Mlinzi akaja mbio kukemea kwamba hapa si kitandani, akaonyeshwa, akapiga magoti. Miaka kumi na mmoja analinda chungu hicho, alisema, na leo ndiyo kwanza anaonana na mwenyewe.

Dereva wa basi akapiga honi. Hakuna mchoro hata mmoja uliokuwa umekamilika.

Kesho yake mkuu alizipekua karatasi mezani kwake. Hiki hakina mdomo, kile hakina kitako. Kidole gumba tu ndicho kilichokuwa kwenye kila chungu.

"Mwalimu, hivi ni nusu nusu."

"Muda uliisha. Walikuwa wanatazama."

Mkuu akapeleka mchoro wa Kiberiti dirishani. Akaweka kidole gumba chake kando ya kile cha penseli.

"Nusu sibandiki ukutani kwangu," akasema. "Mnarudi lini kuvimalizia?"

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akataja Alhamisi, akatoka karibu anakimbia, kumpigia dereva simu kabla mkuu hajaketi na kufikiri upya.