Kengele ya Aliyeiangusha Seva

Kengele yenyewe ni ya mbuzi. Ya shaba, ndogo, ina ufa pembeni, na imefungwa kwenye kamba kama zile tunazovalia vitambulisho. Ofisini kwetu anayeiangusha seva, ile kompyuta kuu inayobeba tovuti zetu, huvishwa, na haivui mpaka mwingine aiangushe. Unapanda nayo lifti, unaenda nayo kununua vocha, unaenda nayo chooni, na watu wakiisikia koridoni wanajua mjinga wa zamu anapita. Aliyeianzisha desturi hiyo ni Mkuu wetu, anayependa kusema kwamba aibu hufundisha haraka kuliko semina. Yeye alikuwa hajawahi kuivaa.

Nilipomwingiza wifi yangu pale sikumwambia habari za kengele. Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa, na tunapendana kama mawifi wengi wanavyopendana, yaani mbele za watu. Kaka alikuwa anakaa nyumbani tangu kiwanda chao kifungwe, na mama kila Jumapili ananiimbia wimbo ule ule, kwamba undugu ni kufaana si kufanana, na kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu hawezi kushindwa kumsemea mwenzake. Nikamsemea. Wifi alijua kuandika programu vizuri, siwezi kumnyima hilo, akachukuliwa kwa mkataba wa muda kama wangu. Halafu Mkuu akatangaza kwamba ikiisha kazi ya mabasi, mmoja wetu ataajiriwa moja kwa moja na mwingine ataagwa. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimemleta mtu wa kugombea naye kiti. Nililia usiku ule, na sikulia kwa huruma.

Kazi ya mabasi ilikuwa tovuti. Mwenye mabasi alitaka abiria wachague viti kwa simu badala ya kugombana dirishani. Sehemu ya kutuma ujumbe kwa abiria ilitangulia kuwashwa, na hapo ndipo wifi alipoipata kengele. Alikuwa bado mgeni, akadhani anajaribu kwenye kompyuta yake, kumbe anajaribu kwenye seva yenyewe. Abiria wote wakapokea neno moja tu, "Jaribio". Bibi mmoja akapiga simu kuuliza ni nani anayemjaribu na kwa kosa gani. Wengine wakafungua tovuti kwa mkupuo kutaka kujua, seva ikazimia. Mkuu akatoka na kengele mkononi huku anacheka, akamvisha kama anayemvisha bibi harusi mkufu, na sisi tukapiga vigelegele.

Tangu siku ile kila hitilafu ilikuwa na mwenyewe. Ukishakuwa na kengele shingoni, nani atahangaika kumtafuta mkosaji mwingine? Intaneti ikikatika ni yeye, printa ikitafuna karatasi ni yeye. Alijifunza kuandika bila kutikisa kichwa, mabega juu, shingo imekaza, ili kitu kisilie. Kaka alidhani mkewe analala vibaya, akamnunulia mto wa shingo. Siku moja wifi alijaza karatasi laini ndani ya kengele ili ikae kimya. Mkuu akagundua. Alimwita mbele yetu, akaitoa ile karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa mtoto kamasi, akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akatembea. Nilicheka na wenzangu, tena mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

Siku ya uzinduzi viti vilipangwa ukumbini, projekta ikawashwa, na mwenye mabasi akakaa mbele na kikombe cha chai kilichowekwa juu ya kisahani, heshima ambayo sisi hatujawahi kuipata. Wifi ndiye aliyepewa kazi ya kuipandisha programu mpya kwenye seva. Akabonyeza. Sote tukatazama ukutani. Ukurasa ukatokea mweupe, na katikati yake neno "Hitilafu".

Mwenye mabasi alikunywa chai yake taratibu. Mkuu akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, huyu ni mbuzi wetu, na mbuzi hapitishi siku bila kula kitu cha mtu. Kisha akamgeukia wifi na kumwamuru asiondoke pale. Atafute kosa hapo hapo, kwenye ukuta, tujifunze sote. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba, kwamba likionekana kosa ni lake tena, ile nafasi ya ajira asiihesabu. Nilikaa karibu na wifi kumshikia waya wa projekta uliokuwa unalegea. Niliomba kimoyomoyo kosa liwe lake.

Akaanza kutafuta. Aliangalia kama seva imejaa, haikujaa. Aliizima programu na kuiwasha tena, ukurasa ukabaki mweupe. Kila alipoinama, kengele ililia, na nyuma kuna waliokuwa wakikohoa ili wasicheke. Akafungua kumbukumbu za makosa, akasoma mstari mmoja mara kadhaa: programu ilikuwa inagonga mlango wa hifadhidata, yaani ghala la majina ya abiria na viti vyao, na ghala linakataa kufungua kwa sababu neno la siri si sahihi. Alilinganisha neno lililokuwa kwenye programu na lile tulilopewa sote mwanzoni. Ni lile lile. Basi kilichobadilika hakikuwa programu, kilikuwa kitasa. Mtu alikuwa ameingia kwenye seva na kubadilisha neno la siri kwa mkono, akaliandika jipya kule kule bila kumwambia yeyote, na wifi alipopandisha programu, neno la zamani likaja kulifuta lile jipya.

Na sheria ya kwanza ya ofisi ile, iliyobandikwa mpaka juu ya mashine ya maji, ni kwamba hakuna kugusa seva kwa mkono. Kila badiliko lipite njia moja, lionekane na wote. Aliyeibandika ni Mkuu.

Seva huweka historia ya amri zote, pamoja na jina la aliyeziandika. Wifi akaifungua. Maandishi yalikuwa madogo, ukutani yakaonekana kama punje za mchele uliomwagika, lakini kwenye kompyuta mimi na yeye tuliyasoma vizuri. Jumamosi. Neno la siri limebadilishwa. Jina la Mkuu, herufi kwa herufi.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama pembeni ya mwenye mabasi, na nadhani kumbukumbu ilikuwa inamrudia, maana kile kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni tu, machoni hakipo tena. Mkono wake ulikuwa unashika kola ya shati. Hapo nikaona kitu ambacho wifi hakukiona. Kama angeliweka lile neno jipya kimya kimya, ukurasa ukafunguka, akasema tu kwamba ni mambo ya mipangilio, basi Mkuu angekuwa mdeni wake wa maisha. Ajira ilikuwa yake. Ilikuwa pale kwenye vidole vyake, alihitaji kunyamaza tu.

Aliniinamia akaninong'oneza, na jasho lake lilikuwa limefika mpaka kwenye kamba ya kengele.

"Wifi, niseme, au nirekebishe tu yaishe?"

Mimi namjua wifi yangu. Ni mtu ambaye ukimwambia jambo kwa upole analiamini. Nikamshika mkono.

"Sema, wifi," nikamwambia. "Ukweli haufichiki."

Akayakuza maandishi. Ukuta mzima ukawa jina la Mkuu na siku ya Jumamosi. Hakueleza kwa maringo, alieleza kama alivyokuwa akieleza kila kitu, kitasa, ufunguo, nani alibadilisha, kwa nini ukurasa ulikuwa mweupe. Mwenye mabasi akavaa miwani, akasoma, akamgeukia Mkuu na kumuuliza kama huyo si yeye. Mkuu akasema ni yeye.

Akasema mtu nyuma, kwa sauti ya chini lakini si chini vya kutosha, "Haya, nani atamfunga paka kengele?"

Mkuu akacheka, akainamisha kichwa na kunyoosha shingo, kwa mzaha, kama mtu anayejua kwamba hakuna atakayethubutu. Wifi akasimama. Akaivua kamba kichwani mwake, nywele zikanasa kidogo, akazitoa, akamvisha. Kengele ikalia. Mwenye mabasi ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani, na mgeni akicheka wenyeji hawawezi kununa, tukacheka. Wifi hakucheka. Aliizungusha shingo yake kushoto, akaizungusha kulia, akafumba macho. Kisha akakaa, akalinakili neno jipya la siri kutoka kwenye historia ile, akaliweka, na ukurasa ukafunguka na viti vyote vya mabasi, vya kijani na vyekundu. Mwenye mabasi akajichagulia kiti cha nyuma ya dereva.

Mgeni alipoondoka Mkuu aliivua kengele, akatukusanya, akasema desturi hii imepitwa na wakati. Sisi ni wataalamu, ni watu wazima, kudhalilishana si utamaduni mzuri kazini. Tulipiga makofi. Watu waliomcheka wifi akitembea mpaka mlangoni walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na wengine walimpongeza Mkuu kwa unyenyekevu wake. Wifi naye alipiga, akitabasamu, masikini, alidhani ni ushindi wake.

Aliitwa kabla wiki haijaisha. Hakugombezwa. Aliambiwa ana uwezo mkubwa, ila hana moyo wa timu. Alirudi mezani, akakusanya kikombe chake, kitana chake na ule mto wa shingo ambao kaka alimnunulia na ambao alikuwa ameanza kuja nao kazini. Aliponiaga alinishukuru kwa kumpa moyo siku ile. Mtu mmoja wa idara ya hesabu, ambaye hata hayamhusu, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimjibu kwamba kweli kabisa.

Barua ya ajira nikapewa mimi. Mama alipiga magoti akashukuru, akasema angalau mmoja ndani ya ukoo amepata, na akamwambia wifi asihuzunike, riziki haina mwenyewe. Kaka aliinuka. Alitoka nje akakaa barazani.

Haikupita muda seva ikaanguka tena. Abiria wakawa wanaona mabasi hayana viti kabisa, kama malori. Nilifungua historia mwenyewe, mlango nimeufunga, na nikalikuta jina lile lile. Mkono ule ule, Jumamosi nyingine. Nilipoinua macho Mkuu alikuwa amesimama mbele ya meza yangu. Kengele ilikuwa mkononi mwake, na kamba ilikuwa mpya. Kumbe hakuitupa, aliiweka droo ya chini.

"Umeona chochote huko?" akaniuliza, kwa upole mkubwa.

"Sijaona kitu, Mkuu. Nimekosea mimi."

Nilinyoosha shingo kabla hajaniambia. Alinivisha, akanipigapiga bega, akasema ndiyo maana alinichagua mimi, mimi ni mtu wa timu. Mbele za watu alitangaza kwamba desturi nzuri hazifi. Hazikufa kweli, maana tangu siku hiyo yeye anagusa seva kwa mkono anavyotaka, na mimi sijaivua. Wa mkataba walivaa kwa zamu. Mwenye ajira ya kudumu anavaa moja kwa moja, kwa sababu ana cha kupoteza.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mama. Kengele niliiacha kwenye gari, sina wazimu. Lakini mama aliponiita kutoka upande wa dirisha niligeuka na mabega yote, maana shingo haigeuki peke yake siku hizi. Wifi alikuwa anaosha vyombo. Aliniona. Alilifunga bomba, akasimama pale, maji yanamdondoka mikononi, akinitazama kuanzia begani mpaka sikioni, taratibu, kama alivyousoma ule mstari wa makosa siku ile.

Alichovya taulo katika maji ya moto, akalikamua, akaja nyuma ya kiti changu na kuanza kunikanda shingo. Alijua hasa pa kugusa. Dole gumba lake lilikwenda moja kwa moja mahali kamba inapokaa, likabonyeza, na maumivu yakanishuka mpaka kiunoni. Akainama sikioni kwangu.

"Siku nyingine sema, wifi," akaninong'oneza. "Ukweli haufichiki."

Akaendelea kubonyeza. Sikuweza kupiga kelele, kwa sababu mama alikuwa anatutazama kutoka kwenye kochi, ameridhika, akimwambia kaka kwamba hivyo ndivyo mawifi wanavyotakiwa kuishi.